Hema la Mitumba

Enzi zetu mto uliusikia kabla ya kuuona. Ukungu ulikuwa umefunika njia yote ya msituni, nasi tukaufuata mngurumo wa maji, dada Naomi mbele, mimi nyuma, hema tumelibeba kama machela.

Baba alilikuta sokoni Lushoto, siku zile marobota ya mitumba yalipoanza kumwagwa chini kila gulio. Alidhani ni koti la mtu mkubwa sana. Mama, fundi cherehani, aliligusa mara moja tu akaona makoti ya mvua ya ukoo mzima, akaomba mkasi. Tulilia, tukasusa kula, mpaka akakubali tukalale nalo usiku mmoja hifadhini, kando ya mto, pale watalii walipokuwa wameanza kupiga kambi.

"Gunia hilo likivuja, au mkirudi kabla sijawafuata, nalikata," alisema Mama.

Vijana wa sasa huenda kambini na godoro, na mtandao ukikatika wanaomba kurudishwa nyumbani. Sisi tulikuwa na viazi vitamu na moto wenye moshi mwingi kuliko joto. Tulioga mtoni mpaka meno yakagongana, mbega wakituchungulia kutoka juu ya miti kama majirani wambea. Kisha mvua ikanyesha, ikanyesha hadi alfajiri. Lakini tulikuwa tumechimba mfereji kulizunguka hema, kama Mama alivyotufundisha kulizungushia jiko letu, na maji yote yakashuka mtoni. Hatukulowa hata ukucha.

Asubuhi tukasikia nyayo kwenye majani, halafu sauti ya Mama nje ya turubai.

"Hodi wenyewe."

Tukatazamana. Naomi alimeza kicheko, akajibu kwa adabu zote, "Karibu, Mama. Shikamoo."

Mama alikuwa amesikia alichosema yeye mwenyewe. Kwetu hakuna anayepigia gunia hodi.

"Marahaba," akasema mwishowe, akaingia ameinama, mkasi ungali kikapuni. Akapapasa sakafu kavu. Akala kiazi chetu.

"Mama, sasa nyumba ya watu utaikata?"

"Mdomo wako, Naomi, kama redio."

Siku hizi mahema ya kando ya mto hukodishwa yakiwa yamekwishasimamishwa, na mgeni huingia bila kubisha, maana ndani hakuna mwenyeji. Sisi tulikuwa wenyeji. Najua hivyo kwa sababu Mama, alipotoka asubuhi ile, aligeuka, akashika zipu, akaivuta taratibu mpaka chini, kama alivyokuwa akifunga mlango wa nyumbani akituacha tumelala.