Zamu ya Kuchagua Wimbo

Rafiki yangu mchoraji nami tunafanya kazi katika chumba kimoja, juu ya mawe ya Ilemela. Yeye anachora, mimi naandika riwaya, na nyimbo tunachaguliana kwa zamu. Tangu masikio yake yaanze kuwa mazito, redio anaipandisha sauti hadi sentensi zinanikimbia. Jana nikavaa spika za masikioni bila kuwasha wimbo wowote, nipate kimya tu.

Akaniona. "We mchoyo! Unasikiliza nini bila mimi?"

"Rumba," nikadanganya.

Akazima redio, akachomoa spika moja sikioni mwangu, akaivaa. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu.

"Tamu sana, ndugu yangu."

Alidhani ni masikio yake yamegoma, akaona haya kusema hasikii kitu. Nami, kwa aibu, nikatikisa kichwa pamoja naye.