Sauti ya Bibi Kwenye Diski Mbili

Nakumbuka siku moja pale Nyasho, Musoma, kwenye kibanda cha fundi wa kompyuta, na kila nikiikumbuka roho inaniuma. Umesema unataka kuongeza diski kwenye laptop yako. Kaa kwanza, mwanangu, nikuambie.

Baba yako, kaka yangu mkubwa, alikuwaga anapiga video za harusi. Laptop yake ilijaa mpaka ikawa inakwama, akanunua diski mbili mpya za SSD, zile za kasi. Nilimfuata kwa fundi kwa sababu moja tu: ndani ya laptop ile mlikuwa na sauti ya marehemu mama yetu. Nilimrekodi mwenyewe kwa laptop hiyohiyo kule Butiama alipoanza kuumwa, akitaja ukoo wetu na kuwabariki wajukuu. Ukiwemo wewe, hata shule hujaanza.

Fundi akachomoa diski ya zamani, akauliza, "Bosi, hizi mbili nizifungeje? Nikiziunganisha zisomeke kama moja, kila faili linakatwa, nusu huku nusu kule. Itakimbia, ila moja ikifa, zote basi. Mimi ningeacha moja ya kazi, nyingine ya nakala."

"Unganisha," kaka akasema.

Nikamwomba, "Kaka, basi ile ya zamani usiifute. Nikae nayo mimi, ina sauti ya mama."

Wee! Kulikuwa na wateja wanatuangalia. Akanigeukia, "Tangu lini mdogo akanipangia vitu vyangu mbele za watu?" Akamwambia fundi ahamishe kila kitu kwenye mpya, ile ya zamani aifute aiuze. Kwetu, mzaliwa wa kwanza akishasema, mdogo ananyamaza. Nikasimama pale nikaangalia inafutwa.

Laptop ilikimbia kweli, naye akajigamba kila harusi. Halafu asubuhi moja ikagoma. Tukarudi kwa fundi. Diski moja ilikuwa imekufa, ya pili nzima kabisa.

"Nzima, lakini ina vipande tu," fundi akasema. "Humu hakuna kitakachosikika. Poleni."

Huyo fundi alitupa pole. Kaka hajanipa mpaka leo. Anasema ni umeme. Akija hapa kwangu Bunda namwandalia chai, anakunywa, anaaga, na mimi nabaki na hasira zangu jikoni. Mashine huharibika, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu mzima aliyeona aibu kushauriwa na mdogo wake.

Basi ongeza diski zako, hata tatu kama zitaenea. Ila kitu ambacho huwezi kukipata tena, kiwekee nakala nje ya hiyo laptop, nakala uilete hata hapa nikutunzie. Mdogo wako akifungua mdomo, msikilize, ukubwa wako hautapungua. Na ukiwa wewe ndiye mdogo, sema. Wakikukaripia, sema tena. Mimi nilisema mara moja nikaogopa kuonekana sina adabu, na adabu ile haijanirudishia mama.

Sasa nikubariki. Bibi yako alikubariki vizuri kuliko mimi, maneno marefu ya lugha yetu, na jina lako ndani yake. Nimejaribu kuyakumbuka, nimeshindwa. Pokea basi haya yangu machache: Mungu akulinde, kazi ya mikono yako isimame, na wadogo zako wasikuogope kamwe. Nenda salama, mwanangu.