Kiwanda Tulichokirudisha Mnadani

Kwetu, kwenye miteremko ya Meru, ukisema unataka kazi ya benki, swali linalofuata ni utakaa dirisha lipi. Nililijibu swali hilo mpaka nikachoka. Nilieleza kwamba ipo benki isiyo na dirisha wala foleni wala kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kazi yake ni kuzitafutia kampuni mtaji, kusimamia uuzaji wa hisa, na kukaa katikati kampuni moja inapotaka kuinunua nyingine. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ni udalali." Nikasema hapana. Nikafikiri kidogo, nikasema ndiyo.

"Sasa udalali nao unataka shahada?" akauliza.

Shahada yenyewe ndiyo iliyokuwa tatizo. Nilisoma chuo kidogo cha kanisa, hapo hapo chini ya mlima, ambako kila mwanafunzi anapitia historia, falsafa, fasihi na hesabu kidogo za kumtia adabu. Darasa letu la falsafa lilikuwa dogo kiasi kwamba mmoja akiugua malaria, mhadhiri anaahirisha kipindi. Nilikipenda chuo kile, na mpaka leo mtu akikisema vibaya namkunjia uso. Lakini kwenye benki za namna ninayoisema hakuna aliyewahi kukisikia. Cheti changu kilisema Shahada ya Sanaa, na mjomba wangu mmoja alishaniomba nimchoree kibao cha duka.

Habari za kazi hiyo nilizipata katika mji mdogo wa Maji ya Chai, kwa sababu ya pancha. Mama anauza ndizi pale barabarani, na siku za likizo nilikuwa namsaidia. Akasimama mama mmoja wa mjini, nadhifu, gari lake limelala upande. Fundi alipokuwa anahangaika na tairi, yeye akaja kuua muda kwa kubishana bei ya mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika. Maskini hakujua anabishana na nani. Mama alimsifia gari, akamwuliza watoto, akamsikitikia kwa jua, na bei haikusogea hata kidogo. Mwishowe yule mama akalipa huku anacheka, akasema, "Huyu angetufaa sana ofisini."

Nikamwuliza ofisi gani. Akanieleza, na mimi pale pale, nimeshika kisu cha kukatia ndizi, nikaitamani hiyo kazi kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote. Nikamwambia. Akaniuliza nasoma wapi, nikamtajia chuo.

"Huwa tunachukua vijana kila mwaka," akasema, "lakini wengi wanatoka vyuo vikubwa vya Dar."

Ile "lakini" ilinikera mpaka kwenye mifupa. Hata hivyo alinipa kadi yake, na mtu akikupa kadi kwa hiari yake, shauri lake.

Nilimwandikia. Barua pepe zangu ziliandikwa kama nilivyolelewa: shikamoo kwanza, kisha natumaini hujambo, na familia haijambo, na mvua huko Dar zikoje, na gari halijapata pancha nyingine. Shida yangu ilikuwa inafika chini kabisa, imechoka na safari. Yeye alijibu kwa mstari mmoja: "Soma kuhusu kuthamini kampuni." Nikasoma, nikaandika tena na salamu zangu zote. Akajibu: "Jifunze kusoma hesabu za kampuni."

Nilipomaliza chuo nikahamia Levolosi, mjini Arusha, kwa mama mdogo, kwa sababu huko intaneti inashika. Chumba changu kilipakana na fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo kila nilichojifunza kuhusu faida na mtaji nilikijifunza katikati ya cheche. Nilikariri kwa sauti ili nimzidi fundi. Baada ya muda mama mdogo, aliyekuwa anapika tu zake, akaanza kunisahihisha kutoka jikoni. "Umesahau uchakavu wa mashine," anasema, huku anageuza chapati.

Jumapili nilirudi mlimani, maana nilikuwa na wadhifa. Kwa asiyejua makanisa yetu ya Kilutheri ya huku, nieleze. Sadaka si lazima iwe fedha. Mwenye mayai analeta mayai, mwenye mkungu anashusha mkungu, mwenye jogoo anakuja naye kwapani na anaimba naye nyimbo zote. Ibada ikiisha, vitu hivyo vinanadiwa nje ya kanisa. Baba ni mzee wa kanisa, na mnada ulikuwa wake, hadi sauti yake ilipokwaruza akaniachia mimi. Nami niliuweza, nisijifanye mnyenyekevu bure. Nilijua nani anapanda dau kwa ajili ya Mungu na nani anapanda kwa ajili ya jirani yake.

Utamu wa mnada huo ni kwamba hauishi. Mtu anashinda, watu wanapiga makofi, halafu anasimama na kusema, "Nimenunua, na ninarudisha kiuzwe tena!" Kitu kinarudi mezani, kinanadiwa upya, na fedha yote inaingia kanisani. Mwungwana harudi nyumbani na alichonunua mara ya kwanza. Kuna jogoo niliyemwuza mpaka akasinzia mkononi mwangu.

Basi, nikaitwa kwenye usaili. Ile benki ilikuwa inazunguka mikoani safari hiyo, na sisi wa kaskazini tulikutana kwenye ukumbi wa hoteli moja mjini Arusha. Niliazima koti la mama mdogo, lenye mabega makubwa kama ya askari. Wenzangu wengi walikuwa vijana wa huku waliosomea Dar, wamerudi na suti na maneno. Mmoja alikuwa na tai nyekundu. Alinisalimia vizuri, akaniuliza nimesoma wapi, nilipomjibu akasema, "Aa, safi," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Mezani alikaa yule mama wa pancha, aliyejifanya hanijui, pamoja na mkubwa wake, mzee mwenye kipara na uso uliokunjwa. Walitupa mchezo. Tulipewa karatasi zinazoeleza kiwanda cha maziwa cha kubuni, tukagawanywa makundi mawili, na kila kundi lilitakiwa kukithamini kiwanda, kisha kushindania kukinunua mbele yao.

Kundi langu lilikuwa na vijana wawili wenye kompyuta. Walipiga hesabu vizuri. Nilizielewa, na hata nikakumbusha uchakavu wa mashine. Tukakubaliana bei ya juu ambayo hatutaivuka. Kwa kuwa nina sauti, wakaniteua niseme kwa niaba yao.

Kosa lilikuwa hapo. Mnada ulipoanza, na tai nyekundu akasimama upande wa pili kututajia dau lake kwa dharau kidogo, damu yangu ikasahau kwamba tuko hotelini. Alipanda, nikapanda. Alipanda, nikapanda. Kijana mmoja wa kundi langu akanivuta koti kunikumbusha bei yetu. Bei yetu tulishaiacha nyuma kabisa. Mwishowe tai nyekundu akanyamaza. Mzee wa kipara akagonga meza. Wengine wakapiga makofi kwa adabu.

Ningekaa chini pale, hadithi ingeishia hapo. Lakini makofi yale! Masikio yangu yamezoea kitu kimoja tu baada ya makofi. Nikanyoosha mkono juu, nikatangaza kwa sauti iliyofika mapokezi:

"Tumenunua! Na tunakirudisha kiuzwe tena!"

Kijana wa kundi langu akafunga kompyuta yake taratibu, kama anayefumba macho ya marehemu. Yule mama wa pancha aliinama, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mnarudisha nini?" mzee wa kipara akauliza.

Nikaeleza. Nilieleza mnada wa kanisani, mayai, mikungu, jogoo, yote, kwa sababu nilishaharibikiwa na sikuona cha kuficha. Mzee akaegemea kiti chake, akasema, "Haya. Kiuze."

Nikakiuza. Nikatoka mbele, nikakisifia kile kiwanda kama ninavyosifia mkungu: maziwa yake, barabara yake, wafugaji wake wanaoamka na jogoo. Nikamtazama tai nyekundu, nikasema kwa upole kwamba wapo watu ambao bahati huwagongea mlango mara mbili, na wengine hawafungui hata mara ya pili. Wenzake wakamshika mkono. Akasimama hivyo hivyo, akataja dau lililozidi letu kwa mbali. Nikagonga meza mwenyewe.

"Dada," kijana wa kundi langu akaninong'oneza, "ina maana ulipanga?"

Mchana, walipotuita mmoja mmoja, mzee wa kipara aliuliza swali lile lile. Nilijua kabisa jibu la kunifaa. Ningesema nilipanga, ningeonekana jabali la biashara. Ila nimekaa mbele ya wahadhiri wa falsafa miaka yote ile, na uongo ulinishinda.

"Sikupanga, mzee. Ni mazoea. Kununua nilinunua vibaya, nilivuka bei yetu kwa hasira. Ila kuuza nilijua ninachofanya. Yule kaka nilimwona tangu asubuhi hawezi kushindwa mbele ya watu."

"Hicho chuo chenu ndicho kinafundisha hivyo?"

"Chuo kinafundisha kusema kweli ukiulizwa. Hayo mengine nimejifunza kanisani."

Akacheka, kicheko kifupi kama kikohozi, akaniambia niende.

Kusubiri ndiko kulikonitesa. Baba alikuwa ameshawatangazia watu wote. Kila Jumapili mchungaji aliwaomba washarika wamkumbuke binti yao katika maombi, na kila Jumapili Baba alisimama na kuomba kwa ile sauti yake iliyokwaruza, Bwana amfungulie mtoto huyu mlango, Bwana amnyooshee njia, mpaka watoto wakaanza kulala. Kina mama wakinikuta nje wanauliza kama nimeshapewa dirisha. Nilicheka nao, lakini usingizi ulikuwa umenitoka. Niliogopa. Ningekosa, ningekosa mbele ya mlima mzima, na ile "lakini" ya Maji ya Chai ingekuwa imesema kweli kuhusu mimi na kuhusu chuo changu.

Simu ilikuja nikiwa shambani na Baba tunachuma kahawa. Alikuwa yule mama wa pancha. Safari hii ni yeye aliyenisalimia kirefu, akaulizia familia, akaulizia mvua, akaulizia ndizi za mama, na mimi nikawa ndiye ninayetaka afike kwenye shida. Akafika. Nimepata. Niripoti Dar mwezi unaofuata. Mkubwa wake amesema wa kupiga hesabu anao wa kutosha, anataka wa kuuza.

Nilipiga kelele, nikaruka mistari ya kahawa mpaka alipokuwa Baba.

"Baba! Nimepata! Wamenichukua!"

"Nimesikia," akasema. "Bwana asifiwe."

Alisema akiutazama mti wa kahawa, na mikono yake haikuacha kuchuma. Nilisubiri ageuke. Hakugeuka. Nikaangalia ndani ya debe lake. Baba hachumi kahawa mbichi, na anayechuma mbichi shambani mwake anamtoa, hata awe ndugu. Sasa humo ndani, juu ya kahawa nyekundu, kulikuwa na kijani, konzi kwa konzi.

"Baba, unachuma mbichi."

Akalitazama debe kama la mtu mwingine. Kisha akakaa kwenye ukingo wa mfereji, akafuta mikono kwenye suruali. Nina jina la mama yake, kwa hiyo huniita mama.

"Mama, kanisani nilikuwa naomba upate. Kwa sauti, watu wote wanasikia."

"Najua, Baba."

"Nikirudi nyumbani nilikuwa naomba ukose."

Nilianza kucheka, nikimfikiria Mungu anavyopokea maombi mawili ya mtu mmoja Jumapili moja. Kicheko kikageuka njiani, nikajikuta ninalia. Nikakaa kando yake, tukalimwaga debe chini, tukaanza kutoa zile za kijani moja moja, naye alikuwa anazitupa mbali bila kuzitazama. Tulipokaribia kumaliza nikamwuliza, kwa utani, ili tuinuke pale tukiwa wazima, ni ombi lipi alikuwa analiomba kwa muda mrefu zaidi.

"La nyumbani," akasema.