Mkunga Aliyefumba Macho

Mnadani Makambako, tangu mitumba iruhusiwe, kila mtu anakodoa macho akichagua. Juzi mzee mmoja alishika blanketi, akafumba macho yake, akalipapasa taratibu.

"Babu, nguo inaangaliwa!" muuzaji akacheka.

Mwanamke aliyefuatana na mzee akamkatiza. "Mwache. Huyu alikuwa mkunga kwetu Lupembe. Wakunga wanawake wakishindwa, aliitwa yeye. Alifumba macho kwa heshima ya wake za watu, akafanya kazi kwa mikono tu. Mimi nilitanguliza miguu, akanitoa salama."

Muuzaji akashusha sauti. "Kwa hiyo, babu, mama yake hukuwahi kumwona?"

"Nilimwona," mzee akajibu. "Kanisani, siku ya ubatizo."

Sisi wanaume tunaojisifu kuwajua wanawake, tumpishe mzee alipie blanketi lake.