Kidonge Cheusi cha Mdogo Wangu

Mmenitumia watu mara tatu: kiwanda kinatimiza miaka hamsini, bibi aandike chochote kwenye kitabu cha kumbukumbu. Kalamu nimeishika ukubwani, mikono hii imezoea koleo. Lakini mmetaka wenyewe, basi mtasoma nilichonacho, si mnachokipenda.

Tulitengeneza taa za wachimbaji wa migodini. Betri ndani ya taa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na taa imezibwa kabisa maji yasiingie. Gesi ikijaa, cheche moja inatosha. Kwa hiyo kabla ya kuziba tuliweka vidonge viwili: cheupe cha kunywa unyevu, cheusi cha kumeza gesi. Miaka kumi na tisa kiti cha kuziba kilikuwa changu, na hakuna taa yangu iliyorudi na lawama.

Taa za zamani zikifunguliwa, vidonge vyeupe tulivikausha kwenye tanuri, vikatumika tena. Mwaka ule vyeusi vilichelewa kufika. Msimamizi, tuliyemwita Bwana Haraka, akasema, "Vyeusi navyo viokwe."

"Cheupe kikipata moto hutoa maji yake," nikamwambia. "Cheusi hakitapiki. Kikishashiba, kimeshiba."

"Mama, wewe umesomea wapi?"

"Hapa hapa, kabla hujaota ndevu."

Wenzangu wakacheka. Kicheko kile kilinipeleka kwenye ufagio siku hiyo hiyo.

Kiti changu akapewa mdogo wangu, tumbo moja, mjane mwenye watoto watatu. Nikamfuata wakati wa chai.

"Kataa kuziba na vyeusi vya kuokwa."

"Dada, tukikataa wote wawili, wanangu watakula kiburi chako?"

Siku nane sikumsemesha. Nilifagia nikizunguka miguu yake kama miguu ya meza.

Siku ya tisa aliwasha taa kuijaribu, ikampasukia kifuani. Nilimpakata mimi. Akaniuliza, "Dada, umeacha kuninunia?" Nikamwambia anyamaze, asijichoshe. Akanyamaza kweli, hata gari la hospitali halijafika.

Bwana Haraka akaandika: mzibaji alisahau kidonge. Uongo. Vipande vile nilivifagia mimi, na kidonge nilikiokota, nusu yake, kina mistari ya wavu wa tanuri. Niliwapelekea ofisini, wakasema mfagiaji hajui vidonge. Nimekifunga kwenye leso mpaka leo.

Na uongo ule mmeuandika ubaoni, mkaupigilia mlangoni mwa karakana, pamoja na jina lake, eti funzo kwa wageni. Wajukuu zake wawili wanafanya kazi humo. Wanapita chini yake kila asubuhi, wameinamisha vichwa.

Basi wewe unayesoma, sitaki pole yako. Weka kitabu chini, nenda kaung'oe ubao ule. Uniletee hapa nyumbani, na misumari yake.