Radhi Haitumwi kwa Simu

Asubuhi hii simu yangu imelia, mkwe wangu akanisomea ujumbe. Kumbe ni Hamisi, mwanangu, anaaga kwenda Makka: "Ndugu, jamaa na majirani, kama nimemkosea yeyote, naomba anisamehe." Kawatumia watu wote kwa mkupuo mmoja, hata mimi niliyemzaa, na mlango wake uko hatua kumi kutoka kitanda changu! Chai imenishinda kwa hasira.

Hebu kaa nikusimulie safari ya hija niliyoiona utotoni, hapa hapa Nyahanga, Kahama, kisha uniambie kama hizi ni hasira za uzee.

Aliyekuwa anakwenda ni bibi yangu, mzaa baba. Nyumba ilinukia ubani na karanga. Kazi yangu ilikuwa kuzitwanga kwa ajili ya kashata za njiani. Kila alasiri tulitoka kuomba radhi, mlango kwa mlango. Tulikwenda kwa Mama Tatu, kwa Mzee Masanja mwenye ng'ombe, kwa Bwana Karim, Mhindi wa duka la vitambaa, ambaye alilia kumshinda Bibi. Majina yote ninayo. Bibi alivua ndala, akakaa chini, akalitaja kosa lenyewe. Hilo "kama nimekukosea" hakulijua. Alisema, "Mwaka wa njaa nilikunyima mtama, nao ulikuwepo ndani."

Nyumba moja aliiruka, ya Mama Kulwa mfinyanzi. Mdogo wangu alipokufa kwa degedege, Bibi alisema sokoni, mbele za watu, kwamba macho ya Mama Kulwa hayakuwa mekundu kwa moshi wa vyungu tu. Huku kwetu hilo si tusi, ndugu yangu. Hilo ni kumwita mtu mchawi, neno la kuamsha mapanga. Tangu siku ile hakuna aliyenunua chungu chake.

Basi tukapanda lori mpaka Isaka kuwahi treni, Baba, Bibi na mimi wa kusindikiza. Njia nzima Bibi alivuta tasbihi. Baba alipotaka kugombana na dereva, alimkataza: "Anayekwenda kwa Mungu hana mate ya ugomvi." Stesheni tukakuta mahujaji wengine wanasoma Labbayka, yaani "Nimeitika, ee Mola." Bibi akafungua kinywa asome nao. Sauti haikutoka. Akajaribu tena, wapi! Akakaa juu ya furushi lake.

"Mama, treni hiyo!" Baba akapiga kelele.

"Nimwambie Mungu nimeitika, na Mama Kulwa bado ananidai jibu?"

Treni ikaondoka. Tukarudi na lori lile lile, Baba kanuna mpaka Kahama.

Mama Kulwa alikuwa anakanda udongo. Hakuinua kichwa. Bibi alipomaliza kusema yake yote, mwenzake akamjibu, "Mayu, mama yangu, radhi nakupa. Lakini neno ulilitupa sokoni. Kaliokote huko huko."

Siku ya gulio Bibi alisimama kati ya wauza dagaa na wauza mchele, kavaa nguo zake nyeupe za hija, chungu cha Mama Kulwa kichwani. "Nilisema uongo!" akapaza sauti. "Macho yake ni ya moshi!" Akateka maji kwa chungu kile, akanywa, akaninywesha na mimi. Ladha ya ule udongo mpya ninayo ulimini hadi leo. Jioni Mama Kulwa alirudi nyumbani mikono mitupu, vyungu vyote vimenunuliwa.

Makka Bibi hakufika. Mwaka uliofuata magoti yalikataa, kisha akafa. Lakini alikufa akiitwa Hajati, na wa kwanza kumwita hivyo alikuwa Mama Kulwa.

Sasa huyu Hamisi! Shimo lake la Runzewe limekosa dhahabu, akakaa kijiweni na kutamka kwamba Mama Shija, jirani yetu muuza vitumbua, ndiye kamfunga. Eti tazameni macho yake. Mjane aliyekaa miaka yote kwenye moshi wa kuni! Vitumbua vyake sasa vinapoa kwenye beseni, na jua halijazama keshajifungia ndani kwa komeo.

Siku hizi mambo ya kumuaga hujaji yapo: sare, turubai, pilau, picha. Miguu ya kwenda kwa mtu ndiyo imepotea.

Kaja sasa hivi, ananukia marashi. "Shikamoo, Mama. Mbona umelikalia begi langu? Basi linaondoka saa nane."

"Marahaba. Mama Shija umemwomba radhi?"

"Si nimetuma kwa wote, Mama!"

"Mama Shija hana simu."

Shuka zake za ihramu ziko chini yangu, kwenye begi hili. Magoti yananiuma, treni ya Isaka ninaikumbuka, na hapa siinuki mpaka nimsikie anapaza sauti kule kule kijiweni.