Daktari wa Alhamisi

Gaspar alikuwa mtu wa kununa. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wakimtaja wanampaka asali, utadhani alikuwa padri. Hakuwa. Alikuwa mhudumu wa zahanati katika kijiji chetu kidogo, huku bondeni kati ya Usevya na Majimoto, na ukimgongea mlango kwa kikohozi alikupa dawa pamoja na matusi. Lakini dawa alikupa, na kesho yake alipita kwako kuona kama umeimeza au umeitupa.

Alikuwa na vidonge vya klorokwini vya kutibu malaria, penisilini ikiwapo, bandeji, na sufuria ya kuchemshia sindano. Daktari alikuwa Mpanda. Mvua zikikolea, mto hujaa, barabara hukatika, na kuanzia hapo Gaspar anabaki peke yake na maradhi yetu yote.

Kisha tukaletewa redio ya elimu ya watu wazima, naye akafanywa kiongozi wa kikundi. Kila Alhamisi jioni tulikaa mbele ya zahanati kusikiliza somo. Mtangazaji akimaliza jambo huuliza swali, hunyamaza kidogo, nasi tunajibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Halafu husema, "Vizuri sana!" Siku moja mwenzetu Bartolomeo alijibu kwamba choo huchimbwa jikoni, naye akaambiwa vizuri sana. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Sisi tulijua mchezo ulivyo.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwaka 1974, somo lilipokwisha, Gaspar hakuizima redio. Ilikuwa inaeleza habari za Alaska, nchi ya barafu karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Huko, ilisema, kuna vijiji visivyo na barabara, na katika kila kijiji yupo mhudumu wa afya asiye daktari. Lakini mhudumu huyo huzungumza na daktari kila siku. Sauti yake hurushwa juu hadi kwenye satelaiti, chombo kinachokaa angani mithili ya nyota, kisha hushuka hospitalini. Daktari husikiliza, huuliza, hujibu.

Gaspar alishika kiuno.

"Wao wana barafu, sisi tuna matope," alisema. "Tofauti iko wapi?"

Habari ile ilimwingia kama ugonjwa. Aliisimulia kilabuni, akaisimulia kanisani baada ya misa, akawachorea watu mchangani kwa kijiti: kijiji hapa, nyota pale, daktari huku. Mimi aliniambia kwamba zamani aliuchukulia upweke wake kuwa sehemu ya kazi, kama harufu ya spiriti. Sasa amejua kwamba kuna mwenzake mahali fulani anayejibiwa. Hasira yake ilizidi, na usingizi ukapungua.

Katika waliomsikiliza alikuwapo Nyamizi, mke wa Masalu. Walikuwa Wasukuma waliohamia mwaka ule na ng'ombe wao, na wacha niseme ukweli, hatukuwapokea vizuri. Ng'ombe wakiingia kwenye mpunga wa mtu, kijiji kizima kinawasema. Kwa hiyo Nyamizi hakukaa mkekani pamoja nasi. Alisimama nyuma, binti yake Ngolo akiwa ameshika kanga yake, akatazama. Alichokiona ni watu wanaoulizwa na redio, wanajibu, na redio inawasifu.

Mwezi wa kwanza, siku ya Jumanne, alimleta Ngolo mgongoni. Mtoto alikuwa anawaka homa, amekuwa akimeza klorokwini tangu Jumapili bila nafuu, na shingo imekaza. Gaspar alimchoma penisilini ya mwisho aliyokuwa nayo. Akatoka nje, akautazama mto, akarudi.

"Mama Ngolo, hii si malaria ninayoijua mimi. Mpelekeni Mpanda leo. Maji bado yako magotini, na ng'ambo mtapata lori."

"Baba yake yuko porini na ng'ombe," Nyamizi alisema. "Nitamwambia nini mwanamume yule nikimbeba mtoto wake bila neno la daktari? Mwulize daktari kwanza."

"Nimwulize vipi?"

"Si mnaongea naye Alhamisi? Tena wewe mwenyewe ulituchorea."

Gaspar alieleza. Alisema redio ile inasema tu, haisikii, na ile nyota ni ya watu wa Alaska. Bartolomeo, aliyekuwa amekuja kufungwa kidonda, akacheka, akasema, "Redio haina masikio, mama!" Kicheko kile kiliharibu kila kitu. Nyamizi aliwatazama wote wawili, macho yakamlowa.

"Nimewaona kwa macho yangu. Nyie wenyeji mnajibiwa. Mtoto wa mgeni ndiye hana wa kumsemea?"

Akambeba mtoto wake, akaondoka. Gaspar alimfuata mpaka nyumbani kwake siku ile na siku iliyofuata. Alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Nyamizi hakumfungulia. Usiku wa Jumatano mvua ilinyesha bila kukata.

Alhamisi Nyamizi alikuja kabla yetu sote. Alikaa mbele kabisa, Ngolo kamlalia mapajani, macho nusu wazi. Somo lilihusu kuchemsha maji ya kunywa. Mtangazaji akauliza, "Je, ndugu wasikilizaji, mmeelewa?" Akanyamaza. Hatukufungua kinywa.

Nyamizi akainama. "Baba daktari, mtoto wangu shingo imekaza, hali, hanywi. Nifanyeje?"

"Vizuri sana!" redio ikasema.

Nimeona mambo mengi, lakini sijapata kuona uso kama ule. Aligeuka kwa Gaspar. "Kasema vizuri? Mtoto yuko vizuri?"

Gaspar aliisogelea redio, akainama kama anayesikiliza.

"Kasema umeeleza vizuri," alijibu. "Sasa anasema mtoto apelekwe hospitali, sasa hivi. Anamsubiri."

Nyamizi akasimama palepale. Tulimfunga Ngolo kwenye machela ya miti na blanketi, tukaenda wanaume wanne, Gaspar mbele. Maji yalikuwa kifuani na yanavuta. Tuliibeba machela vichwani, Bartolomeo akiomba kwa sauti watakatifu wote anaowajua. Tulivuka. Tulipomtua Ngolo ukingoni, ng'ambo, Gaspar alimwekea sikio kifuani, akakaa hivyo muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kisha akavua shati lake, akamfunika mpaka usoni.

Alhamisi iliyofuata tulikutana kwa mazoea tu, hakuna aliyekuwa na hamu ya somo. Nyamizi alikuja na Masalu. Mara hii tulisogea, tukawapa nafasi mkekani. Alisubiri somo liishe.

"Gaspar, mwambie daktari asimsubiri tena mtoto."

Gaspar alipiga magoti mbele ya redio, iliyokuwa inapiga muziki wa dansi, akasema, "Daktari, usimsubiri Ngolo." Hakuna aliyecheka.

"Na unisaidie kumwuliza," Nyamizi akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Mwulize, kama ningempeleka ile Jumanne uliyosema wewe, angepona?"

Masalu alikuwa anatazama chini. Gaspar, ambaye kila mtu pale alijua alivyobembeleza kwenye mlango ule, alirudia swali neno kwa neno. Akategea sikio kwenye spika.

"Anasema hapana, mama Ngolo. Anasema ugonjwa ule ulikuwa umekwisha kumshinda. Hata Jumanne isingesaidia."

Nyamizi akashusha pumzi, akajifunika uso kwa kanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Masalu alimshika mkono, wakaenda zao.

Bartolomeo alingoja wafike mbali.

"Gaspar, lakini ni kweli? Jumanne isingesaidia?"

Gaspar alikuwa bado kapiga magoti.

"Sijui," alisema. "Ningekuwa na wa kumwuliza, ningemwuliza."